Nusu Hii Ina Mwenyewe

Siku baba alipomkata mteja, mimi nilikuwa nyuma ya ukuta wa mbao nikipinda suruali ya mtu. Duka letu ni chumba kimoja cha nyumba yetu tulichokigawa: mbele kuna kiti cha kinyozi, kioo na beseni, nyuma kuna cherehani yangu. Nilisikia wembe ukianguka kwenye saruji, kisha kimya. Baba hajui kunyamaza, hata akiwa peke yake hubishana na redio, kwa hiyo nilitoka mbio pini zikiwa bado mdomoni. Nilimkuta mwalimu mstaafu, mteja wetu wa miaka nenda miaka rudi, ameshika taulo shingoni, na taulo limeanza kubadilika rangi. Baba alikuwa amesimama nyuma ya kiti akiutazama mkono wake wa kulia, kama mtu anayemtazama mtoto aliyemtia aibu mbele ya wageni.

Jeraha halikuwa kubwa. Mwalimu alifungwa bandeji zahanati, akarudi kwake kwa miguu yake mwenyewe, akasema yamekwisha. Lakini baba hakuwa tena yule ambaye wateja walimwita Pamba kwa wepesi wa mkono wake. Miezi minne kabla alipatwa na kiharusi kidogo. Kilimwachia mkono unaotetemeka, ncha za vidole zisizohisi vizuri, na vidonge vya kuifanya damu iwe nyepesi. Kwa vidonge hivyo, akijikwaruza tu kwenye msumari, tunabadilisha vitambaa hadi tunachoka.

Kaka yangu alizipata habari siku hiyo hiyo. Nyumbani tunamwita Mkaguzi. Kazi yake ni kukagua magari, na hata mtoto mchanga humtazama kana kwamba anatafuta ufa. Anaishi mbali, safari ya nusu siku kwa gari. Jumamosi alifika, akasimama katikati ya duka bila kuketi, akasema anamchukua baba akaishi naye. Kwake kuna chumba cha ziada, kuna geti, hospitali iko jirani. Si mtu mbaya, kaka yangu. Nalisema hili leo, siku ile nisingelisema hata kwa viboko.

Baba alisema hataki. Alisema mara moja tu, kisha akainamisha uso, na hapo ndipo aliponiumiza. Duka hili alilifungua kabla sijazaliwa. Kila asubuhi huufungua mlango kwa mguu, kwa sababu mikono huwa imebeba maji ya moto na gazeti. Nilijua tukimpeleka kwenye hilo geti lenye chumba cha ziada, hatamaliza mwaka.

Mimi nina mdomo, nakiri. Nilisema mteja mwingine hatakatwa, kwa sababu kuanzia sasa nitanyoa mimi, na baba atabaki hapa hapa akiniangalia. Kaka alicheka akaniuliza nimewahi kumnyoa nani. Baba ndiye aliyeinua kichwa na kusema jambo lililotufunga sote: katika duka lake hakuna kunyoa bila kunoa. Zile nyembe za kutumia mara moja na kutupa aliziita vibati, na hajawahi kuziingiza mlangoni. Anayeshika wembe awe ameunoa mwenyewe, la sivyo hajui ameshika nini.

Mkaguzi akisikia neno mtihani, hata lisipotamkwa, macho humng'aa. Palepale alitoa masharti. Niuchukue wembe ule ule ulioanguka, ambao sasa makali yake yalikuwa na pengo, niunoe kwa mkono wangu. Jumamosi inayofuata nimnyoe baba mbele yake, mashavu, kidevu na shingo.

"Ukimaliza bila damu, baba anabaki, nami sifungui tena mdomo," alisema. "Tone moja tu, anapanda gari."

Nilikubali kabla sijafikiri. Nilifikiri baadaye, nikiosha vyombo, na nikakaa chini jikoni. Shingo ya baba, na damu ile ya vidonge.

Jumapili baba alitandaza taulo lililolowa kwenye meza yangu ya kukatia vitambaa, akapanga mawe matatu ya kunolea. La kwanza lilikuwa na chembe kubwa, la kuondolea pengo. La pili lilikuwa laini kidogo. La tatu lilikuwa laini kama kipande cha sabuni, na hilo alilifunua kwenye kitambaa chake taratibu. Alinifundisha kuulaza wembe bapa, mgongo na makali vyote viguse jiwe, kisha kuusukuma makali yakitangulia. Mwisho wa jiwe unaugeuza juu ya mgongo wake, kamwe si juu ya makali, unarudi. Hiyo ndiyo kazi yote, alisema, na mtu mwenye akili timamu anaielewa kwa dakika tano.

Kuielewa niliielewa. Mikono ndiyo iliyokataa. Nimeshona miaka kumi na tisa, na mkono wa fundi cherehani umezoea kukandamiza. Nilikandamiza. Baba alikuwa amekaa kando na kikombe chake.

"Unasugua sufuria, mama?" aliniuliza.

Nililegeza. Dakika mbili nikasahau, nikakandamiza tena, akaweka mkono wake wa kushoto juu ya kifundo cha mkono wangu na kuuacha hapo, mwepesi, hadi nikauona wembe unateleza kwa uzito wake mwenyewe. Wakati huo nilitaka kulia, na sikulia kwa sababu angesema naloweka jiwe bure.

Jumatatu nilifunga oda mbili tu za nguo, muda mwingine wote nikawa kwenye mawe. Nilipaka makali wino wa maka peni, ile ninayoandikia namba kwenye mifuko ya wateja, kisha nikanoa mara tatu na kuangalia wino umefutika wapi. Ulifutika kisiginoni, karibu na mpini, na katikati, lakini nchani ulibaki mweusi. Maana yake nilikuwa nainua mkono mwishoni. Nikapaka tena, nikanoa tena. Kufikia jioni wino ulikuwa unafutika wote, na mimi nilikuwa siwezi kunyoosha shingo.

Jumanne, nikijizoeza hatua ya mwisho, niliharibu mkanda. Baada ya mawe wembe hupitishwa kwenye mkanda wa ngozi unaoning'inia ukutani, ila kule mwendo ni kinyume: mgongo unatangulia, makali yanafuata. Mimi siku mbili nzima nilikuwa nimeufundisha mkono wangu kutanguliza makali, na mkono ukafanya nilichoufundisha. Niliikata ngozi ile kwa mpito mmoja, karibu nusu ya upana wake. Ilikuwa na umri kunizidi. Baba aliufungua mkanda kutoka kwenye ndoano, akaupeleka kwenye cherehani yangu, akauweka mezani na kurudi kukaa. Nikaushona kwa uzi wa viatu, kwa mkono, nikiona haya kama bibi harusi aliyeunguza wali, na mshono ule tukaukwepa kila tulipoupitishia wembe.

Jumatano pengo lilikwisha. Alhamisi tulihamia jiwe la tatu, na hapo baba alinionya. Jiwe la mwisho ni la kuaga, alisema. Unapita mara thelathini, mwepesi, unaondoka. Mgeni anayeaga kwa saa nzima mlangoni anawachosha wenyeji.

Nilipita mara thelathini. Nikajaribu kwenye mkono wangu, vinyweleo vikakatika, vingine vikagoma. Baba alitaka kuyagusa makali kwa kidole gumba kama alivyozoea, akakumbuka, akakirudisha kidole mfukoni. Vidole vyake havikuwa na jibu tena. Aliniambia wembe uko karibu, ubaki hivyo, kesho tutaupitisha kwenye mkanda tu.

Ijumaa mchana baba alilala. Nami niliuangalia wembe ule nikaona Jumamosi inakuja, nikaona gari la kaka, nikaona baba nyuma ya geti. Nikalitoa jiwe la tatu nikapita mara hamsini. Vinyweleo vilikatika vizuri zaidi. Nikapita mara mia. Nikang'oa unywele wangu mmoja kichwani, nikaushika juu ya makali, ukaanguka vipande viwili kabla sijaona umegusa. Nilisisimkwa. Nikaongeza nyingine hamsini kwa kujihakikishia. Baba alipoamka nilimwonyesha unywele, akatazama, akaniuliza nimepita mara ngapi. Nilimwambia kidogo tu. Nina miaka arobaini na moja, na nilimdanganya baba yangu kama mtoto aliyeiba sukari.

Jumamosi Mkaguzi aliingia saa nne, shati limenyooka, na moja kwa moja akaenda chumbani kwa baba kupanga nguo zake kwenye begi. Alisema ni kuokoa muda. Nilimwona akilipakia kwenye buti la gari.

Baba alikaa kwenye kiti ambacho yeye ndiye huwakalisha watu. Hakuwa amenyoa tangu siku ya mwalimu, ndevu zake nyeupe zilikuwa zimejaa. Nilimfunga kitambaa, nikamwekea taulo la moto, nikapaka povu. Kaka alivuta stuli akakaa karibu mno, kitambaa cheupe cha mfukoni amekitandaza juu ya goti. Kitambaa hicho alikileta makusudi.

Nilianza shavu la kushoto. Wembe ulishuka kama maji. Ngozi ilitokea nyuma yake safi, na mlio wake ulikuwa ule niliousikia utoto wangu wote, mlio wa karatasi inayochanwa mbali. Kila mpito wa wembe baba huuita pasi; pasi ya pili, ya tatu. Shavu zima likaisha. Baba alifumba macho akatabasamu upande mmoja, na mimi, Mungu anisamehe, nilimtazama kaka kwa jeuri.

Kisha nikashuka kwenye taya, upande ule ule, na mlio ukabadilika. Ukawa mkavu. Mkononi nilihisi kitu kinavuta, kidogo sana, kama uzi unaonasa kwenye sindano yenye kutu. Nikaendelea kiasi cha nusu kidole. Chozi lilimtoka baba kwenye jicho la kushoto, bila yeye kukunja uso.

Niliinua wembe, nikaupangusa, nikaupeleka dirishani. Nilichukua kile kioo cha kukuzia ninachotumia kutunga uzi. Kwenye ukingo wa makali kulikuwa na uzi wa chuma, mwembamba kuliko wa hariri, unaong'aa, na sehemu mbili ulikuwa umekatika na kuacha meno. Kumbe nilipopita mara mia mbili sikuwa nanoa. Nilikuwa nakitanua chuma hadi kikalegea pembeni, kikawa makali ya uongo yanayokata unywele mmoja kwa mbwembwe na kuvunjika yakikutana na ndevu. Na ndevu za shingoni ndizo ngumu kuliko zote.

Kaka aliuliza kuna nini. Nilirudi kwenye kiti na baba akanitazama kwenye kioo, na nikajua kwamba anajua. Alikuwa ameusikia mlio ule kabla yangu.

"Endelea, mama," alisema kwa sauti ya chini.

"Baba, wembe si mzuri."

"Najua. Endelea. Nitatulia."

Angetulia kweli. Angekaa pale kama jiwe wembe ukimchana, akiomba tu damu isichuruzike hadi kaka aondoke, na pengine isingechuruzika. Nilihitaji pasi ishirini hivi, kumi na mbili za shingoni. Pasi ishirini, na baba angebaki nyumbani kwake. Nilikiangalia kile kitambaa cheupe kwenye goti la kaka, kisha nikaiangalia shingo, mahali ngozi inapopiga piga juu ya mshipa.

Nilikunja wembe nikauweka kwenye beseni.

"Simnyoi," nilimwambia kaka. "Nimeunoa vibaya. Nipe saa mbili niunoe upya."

Mkaguzi alisema masharti ni masharti. Tulikubaliana Jumamosi hii, uso mzima, na uso mzima haujaisha. Ana safari ndefu na kazini Jumatatu wanamsubiri. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa kwa heshima ya mama yetu aliyetuzaa sote wawili. Aliniacha nimalize. Kisha akamwambia baba, kwa upole kabisa, kwamba wakifika watapita kwa kinyozi mmoja mzuri jirani na kwake, atammalizia.

Baba alijifungua kitambaa mwenyewe, kwa shida, akajifuta povu. Upande wa kushoto alikuwa kijana, upande wa kulia alikuwa babu wa watu. Aligusa ule upande wenye ndevu.

"Nusu hii ina mwenyewe," alisema, akatoka kwenda kwenye gari.

Nilidhani ni maneno ya uchungu tu. Siku ya tatu kaka akanipigia simu. Kinyozi mzuri aliitwa hadi nyumbani na baba akamkatalia mlangoni, akamwambia yuko katikati ya kunyolewa. Siku ya nne baba alitoa kiti nje ya geti, akawa anasalimia kila apitaye na uso wake ule wa nusu kwa nusu. Siku ya tano majirani wakamuuliza mke wa kaka kama mzee amechanganyikiwa. Siku ya saba bosi wa kaka alipita na familia yake, na baba akawasimulia kisa chote tangu mwanzo, akiwageuzia shavu moja moja kama ushahidi. Kaka aliniambia nimwambie baba anyoe.

"Mwambie wewe," nilisema. "Wewe ndiye unaishi naye."

Nilikata simu na nikacheka, kisha nikalia, kwa sababu kiti kilikuwa kitupu na redio ilikuwa inaongea bila kubishiwa.

Wembe nao ulikuwa unanisubiri. Siku ile ile walipoondoka, niliyapitisha makali mara moja, wima, kwenye ukingo wa glasi ya maji. Ule uzi wa chuma ukatoka wote. Ilikuwa kama kufumua nguo nzima kwa sababu ya mshono mmoja, na nimewahi kufanya hivyo, kwa hiyo nilikaza roho nikaanza tena jiwe la pili. Nilinoa kila siku baada ya oda, mchana kweupe, karibu na dirisha. Nilipofika jiwe la tatu nilihesabu kwa sauti. Nilipofika thelathini nilisimama kama niliyeshikwa mkono, na hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko yote. Siku ya nane niliuweka kwenye shingo yangu mwenyewe, chini ya sikio, mbele ya kioo cha baba. Mkono haukutetemeka. Vinyweleo viliondoka, ngozi haikujua.

Siku ya tisa, Jumatatu, gari likasimama mlangoni. Baba alishuka na nusu ndevu zake, akausukuma mlango kwa mguu ingawa mikono ilikuwa mitupu. Mkaguzi aliingia nyuma yake, shati limekunjamana. Sikuwahi kumwona vile.

"Mmalizie," alisema, "turudi leo leo."

Begi alikuwa ameliacha kwenye buti. Nilimuuliza kwa macho tu, naye akatazama pembeni.

Nilimpaka baba povu kulia na shingoni. Kaka alisimama mlangoni, safari hii bila kitambaa. Shavu la kulia nililimaliza kwa pasi nne, mlio ukiwa ule ule. Taya. Kidevu. Kisha nikainua kidevu chake kwa vidole viwili na shingo ikawa mbele yangu yote. Mkono wake wa kulia ulikuwa unatetemeka chini ya kitambaa na mtetemeko ulifika hadi kooni. Nilisubiri. Nilijifunza kuusubiri: ulikuja, ukapungua, na katika upungufu wake nilipitisha wembe mara moja. Nikasubiri tena. Pasi kumi na mbili zilichukua muda ambao ningeshona suruali. Redio baba alikuwa ameizima mwenyewe.

Nilimpangusa kwa taulo jeupe, nikalitandaza mbele ya kaka. Alilikagua, nadhani hakuweza kujizuia. Lilikuwa jeupe.

"Siku ile ungeendelea," aliniambia, "nisingemrudisha hapa hata siku moja. Niliona wembe unamvuta. Nilikuwa nangoja nione utafanya nini."

Alishusha pumzi, akatazama saa yake. Alisema masharti hata hivyo yalikuwa ya Jumamosi ile, na kwamba njia ni ndefu.

"Haya, baba, umeshanyolewa. Twende."

Baba hakuinuka. Alijitazama kwenye kioo kwa muda. Kisha akapitisha kiganja kwenye shavu la kushoto, lile nililolinyoa siku tisa zilizopita, taratibu, kutoka juu kwenda chini na kutoka chini kwenda juu, na sote wawili tukasikia mkwaruzo wake.

"Upande huu umeota tena," alisema.

Kaka alimtazama baba. Akalitazama lile shavu, akanitazama mimi na brashi ya povu mkononi. Alitoka nje, na nikasikia buti la gari likifunguliwa. Aliporudi alikuwa na begi.